Injini ya dizeli imefungwa upya, stata inazunguka, haiwaki

Hiace au Hilux yenye injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu) imekaa gereji wiki tatu. Pistoni na ringi mpya, hedi imefesiwa (uso wake umesawazishwa kwa mashine), valvu zimesagwa, belti ya taimingi mpya, nozeli zimekwenda kupimwa. Siku ya kuwasha, stata inazunguka mpaka betri inaanza kuchoka, na injini haitoi hata kikohozi. Mwenye gari amesimama pembeni, na kila anayepita ana dawa yake: mmoja anasema isukumwe, mwingine analeta kitambaa chenye petroli, wa tatu keshaihukumu pampu ya dizeli.

Pampu ndiyo hubebeshwa lawama kwanza kwa sababu ni ghali na hakuna anayeona ndani yake. Lakini kama pampu hiyo ilikuwa inafanya kazi kabla injini haijashushwa, na haikufunguliwa, mashaka juu yake yawe ya mwisho. Gari iliyotoka kufungwa hushindwa kuwaka kwa sababu ya kitu ambacho mikono iligusa. Usitafute mchawi mbali.

Tunazungumzia injini za 2L, 3L na 5L zisizo na kompyuta, zenye pampu ya VE, muundo wa Bosch ambao Denso iliutengenezea Toyota. 3L ni ya cc 2,779, silinda nne, na inagandamiza hewa mara 22.2. Hakuna plagi ya cheche. Hewa inabanwa mpaka inavuka nyuzi 500, nozeli inarusha dizeli kama ukungu, moto unajiwakia wenyewe. Kwa hiyo inahitaji mambo matatu tu: dizeli ifike, hewa ibanwe vya kutosha, na viwili hivyo vikutane kwa wakati wake. Kazi ni kujua lipi limekosekana, na kwa hilo huhitaji kufungua nati hata moja. Mwambie mtu apige stata sekunde 10, wewe nenda nyuma ukaangalie ekzosi.

Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi: dizeli inafika ila haiungui, na hapo tatizo ni joto, mgandamizo au taimingi. Moshi mweusi bila kuwaka ni nadra, na mara nyingi maana yake hewa imezibwa. Kabla ya kucheka, fungua bomba la hewa uchungulie ndani ya manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye hedi. Kitambaa kilichozibia matundu ili uchafu usiingie wakati hedi iko fesi kimesahaulika humo katika gereji nyingi kuliko zinazokubali kusema.

Ila hata kabla ya moshi, sikiliza mwendo wa stata. Injini mpya ni nzito kuzungusha, ringi zinabana, beringi bado hazijalainika. Dizeli isipozungushwa kwa kasi haitapata joto, kwa sababu hewa inavujia kwenye ringi na kupoa ukutani mwa silinda kabla haijafika juu. Betri iliyotulia isome volti 12.6 hivi, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, chaji betri au iunganishe na nyingine kwa nyaya nene, zile za kufungia redio hazifai. Kama betri ni nzima na stata inazunguka kizembe, weka mita ya umeme: waya mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha bloku, halafu piga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ya injini, waya unaounganisha bloku na hasi ya betri, haijafungwa au imefungwa juu ya rangi na kutu. Waya huo hutolewa wakati wa kushusha injini na hubaki ukining'inia nyuma ya bloku, mahali ambapo macho hayafiki. Umeme unatafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia kebo ya mafuta au ya klachi, na ukiona kebo inatoa moshi ujue hiyo ndiyo sababu.

Tuseme stata ni nzuri na ekzosi haina moshi. Washa swichi bila kupiga stata, mwenzako aweke kidole kwenye solenoidi, valvu ya umeme inayofungua na kukata dizeli, iliyo nyuma ya pampu, ile yenye waya mmoja. Inatakiwa igonge, "tik", kila swichi inapowashwa. Isipogonga, pima kama waya una volti 12. Hakuna umeme: fyuzi au soketi haijarudishwa. Umeme upo na haigongi: solenoidi imekufa. Kwa majaribio unaweza kuipa umeme moja kwa moja kutoka nguzo ya chanya ya betri, lakini kumbuka kwamba injini ikiwaka hivyo, swichi haitaizima mpaka uvute ule waya. Na kama pampu ilifunguliwa kwenda kupimwa, hakikisha solenoidi ina kipini chake na springi ndani. Vitu hivyo viwili hudondoka mezani bila kutoa sauti.

Solenoidi ikiwa nzima, kinachofuata ni upepo. Injini hizi hazina pampu ya umeme kwenye tangi. Pampu yenyewe inavuta dizeli kutoka tangini kupitia filta, na kwenye njia ya kuvuta tundu dogo halivujishi dizeli nje, linaingiza upepo ndani. Ndiyo maana utaambiwa "hakuna panapovuja" na ni kweli, hakuna. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu kabisa. Baada ya filta mpya na mabomba makavu, kubonyeza mara 50 au zaidi ni jambo la kawaida. Ikiwa haikazi kamwe, upepo unaingia kati ya tangi na filta, au raba ya filta imekaa upande.

Halafu legeza nati za mabomba manne upande wa nozeli, spana 17, kila moja zunguko moja hivi. Piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzika dakika nzima ili stata ipoe, rudia. Kwanza patatoka hewa, halafu povu, kisha dizeli safi kwa mikupuo. Nati inayotoa dizeli bila povu ndiyo unayokaza, moja baada ya nyingine. Usikaribishe kiganja hapo kuhisi kama inatoka, na kamwe usishike nozeli iliyofungwa nje ili uone inavyopuliza. Shinikizo la nozeli linatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na mkono unaweza kukatwa kwa ajili yake. Likitokea, ni hospitali mara moja hata kama hakuumi.

Kuna kosa moja la pampu hizi ambalo lastahili kukaa nalo kidogo. Bomba la kuingiza dizeli na lile la kurudisha yamefungwa kwa bolti zenye tundu katikati, zinazofanana kwa mbali kama mapacha. Ya kurudisha imeandikwa OUT kichwani, na ndani yake tundu ni dogo kama la sindano, kwa sababu ndilo linalolinda shinikizo ndani ya pampu. Ya kuingiza imetobolewa wazi. Zikibadilishana, pampu inanyonya kupitia tundu la sindano huku inachopata kinakimbilia kwenye mrejesho uliofunguka. Utatoa upepo siku mbili. Chomoa zote mbili, zielekeze kwenye mwanga, uchungulie. Dakika tano tu, na zimewahi kuokoa pampu nyingi zisiende kufunguliwa bure.

Ukitaka kukata mzizi wa fitina kati ya pampu na njia ya mafuta, tafuta dumu la lita 5, dizeli safi, na mpira wa plastiki unaopitisha mwanga. Ning'iniza dumu juu zaidi ya pampu, mpira mmoja uingie upande wa kuvuta, mrejesho urudi dumuni. Toa upepo, piga stata. Ikiwaka, pampu haina kosa, shughulika na filta, mabomba na tangi. Isipowaka na mpira hauna viputo, sahau tangi, na usirudi huko tena. Gari iliyokaa muda mrefu inaweza kuwa na maji tangini pia, kwa hiyo chota kidogo kutoka chini ukakiangalie kwenye chupa ya kioo: maji yatajitenga na kukaa chini.

Sasa moshi mweupe. Huu ni mzuri kuliko kutokuwa na moshi, kwa sababu nusu ya njia imekwisha.

Anza na plagi za hita. Utasikia watu wa Dar na Mombasa wakisema huku pwani hazihitajiki, joto lipo. Si kweli kwa injini hii. Dizeli yake haipulizwi juu ya pistoni, inapulizwa ndani ya chumba kidogo cha hedi chenye kuta baridi zinazonyonya joto, na asubuhi ya nyuzi 25 bado ni baridi kwa chumba hicho. Kwenye baridi ya Makete au Limuru ndiyo usiseme. Injini iliyozoeana inaweza kuwaka bila hita mchana, iliyofungwa jana haiwezi. Vua bamba la chuma linalounganisha plagi zote nne, pima kila moja kati ya kichwa chake na bloku: nzima inasoma karibu om 1 au chini yake, iliyokatika haisomi chochote. Rudisha bamba, washa swichi, pima volti juu ya bamba. Kusikia rilei ikigonga hakutoshi, inaweza kugonga huku ndani imeungua. Na ukinunua plagi mpya, soma volti zilizoandikwa. Toyota ilitumia mifumo zaidi ya mmoja kwenye injini hizi, na plagi ya volti 6 iliyofungwa kwenye gari linalotoa 12 mfululizo inawaka vizuri sana mara moja, halafu inakatika. Mbaya zaidi, ncha inaweza kuvimba au kudondokea ndani.

Hita zikiwa nzima, nenda kwenye taimingi. Fungua kava ya juu ya belti, zungusha krenki kwa mkono upande wa saa tu. Ukirudisha nyuma, belti inalegea upande usio na kidhibiti na inaweza kuruka jino. Fikisha alama ya krenki juu, kisha soma puli ya kamshafti na ya pampu. Zungusha mizunguko miwili kamili, soma tena. Alama zilizokaa vizuri wakati wa kufunga zinaweza kuwa zimehama baada ya belti kukazwa, na fundi aliyeridhika na mara ya kwanza hataligundua hilo. Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo jino moja kwenye puli yake ni zaidi ya nyuzi 10 za krenki. Hiyo inatosha kabisa kuzuia injini mpya isiwake asubuhi, au iwake kwa mshindo kama mtu anagonga chuma.

Kosa kubwa zaidi ni pampu kugeuka nusu mzunguko mzima. Alama ya krenki inafika juu mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti: mara ya kwanza hewa imebanwa, mara ya pili moshi unatolewa. Ukifunga pampu ukiwa umeegemea ile ya pili, dizeli inapulizwa wakati valvu ya kutolea moshi iko wazi. Ekzosi itatoa wingu jeupe zito na hutapata mlipuko hata mmoja. Hakikisha kwa macho: fungua kifuniko cha juu cha hedi, na alama ya krenki ikiwa juu angalia kamu mbili za silinda ya kwanza. Ncha zote mbili ziwe zimetazama mbali na valvu, valvu zote zimefungwa. Hapo ndipo alama ya pampu inatakiwa kuwa mahali pake.

Na kama alama zote zimekaa lakini dalili zinakataa, vua nati ya puli ya pampu. Puli inashikwa na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Kikichomoka wakati puli inaingizwa, puli inajibana kwenye shafti popote ilipo na alama zinakudanganya kwa uso mkavu. Kipande chenyewe utakikuta chini ya kava ya belti. Kuhusu mabomba manne, fuata kila moja kwa kidole. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na bomba lililopindwa kwa nguvu ili lifike mahali pasipo pake hujionyesha lenyewe.

Upimaji wa mwisho wa taimingi ni geji ya mshale kwenye tundu la katikati ya kichwa cha pampu, na kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha injini husika. Pampu zenye kifaa cha kuwashia baridi zinahitaji wenzo wake uachiliwe kwanza, la sivyo unapima uongo. Lakini hapa tunatafuta kuwasha tu, na alama za puli zikiwa sawasawa injini inawaka. Geji ni ya kunyoosha.

Ikiwa hita ni nzima na taimingi iko sahihi, pima mgandamizo. Geji ya petroli haifai, itapasuka. Ya dizeli inaingia kwenye tundu la plagi ya hita. Toa plagi zote nne, chomoa waya wa solenoidi ili dizeli isipulizwe, piga stata. 3L nzima inatoa kilo 32 kwa sentimita mraba au zaidi, kikomo cha chini ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Ukiwa hapo hesabu pia mishtuko ya mshale kwa sekunde 10: ikifika 20 stata ina kasi, ikiwa 12 rudi kwenye betri na ethi kabla ya kuilaumu injini.

Mgandamizo mdogo kwenye silinda zote baada ya hedi kutengenezwa mara nyingi hautokani na ringi. Unatokana na tapeti. Valvu na kiti chake vikisagwa, valvu inazama na mguu wake unapanda juu, nafasi iliyokuwepo kati yake na kamu inakwisha. Vikombe na vishimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi hiyo) vya zamani vikirudishwa bila kupimwa, kamu inaishikilia valvu wazi kidogo muda wote, na hewa inapita hapo. Ikiwa baridi, nafasi ni milimita 0.20 hadi 0.30 kwa ya kuingiza, 0.40 hadi 0.50 kwa ya kutolea moshi. Fila (bati la kupimia nafasi) ya 0.20 ikikataa kuingia, umeshampata mwizi. Vishimu vyembamba zaidi vinanunuliwa. Usikubali kusaga miguu ya valvu kwa mashine ya mkono.

Upande wa gasketi ya hedi, injini hizi zina za unene wa aina tatu, zimepigwa herufi B, D na F, na kila moja ni nene kuliko iliyotangulia kwa sehemu ya kumi ya milimita. Inachaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku, haichaguliwi kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Nyembamba mno, pistoni inagonga hedi. Nene mno, mgandamizo unashuka na utapigana na moshi mweupe kila asubuhi ya maisha ya gari hilo.

Kuna kipimo kinachopendwa cha kumwaga oili kwenye silinda na kupima tena: geji ikipanda, ringi ndizo mbovu. Kwenye petroli ni sawa. Kwenye 3L fanya hesabu: cc 2,779 gawa kwa nne, halafu kwa 21.2, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni kama cc 33. Kijiko cha oili, cc 5, kinakula zaidi ya sehemu ya saba ya nafasi hiyo, na geji itapanda hata ringi zikiwa nzima. Kwa hiyo mshale wa geji kupanda kidogo si ushahidi. Oili hiyo ina kazi nyingine halali. Kama kuta ziliachwa kavu wakati wa kufunga, kijiko kimoja kila silinda kinazipa ringi kitu cha kuzibia. Ukishamwaga, piga stata na plagi zikiwa nje ili ziada itoke, la sivyo pistoni itakutana na oili isiyobanika na fimbo itapinda.

Kitambaa cha petroli, na ile spirei ya kuwashia, viache. Hita zikiwa zimewaka, mvuke unalipuka ndani ya manifoldi, na ukifika ndani ya silinda unawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi mpya zinavunjika siku hiyo ya kwanza. Kuvuta gari kwa gari lingine nako kusubiri mpaka alama za belti zimethibitishwa: stata ikiikuta belti iliyokosewa inazunguka taratibu, lori halitaki kujua, valvu zinapinda.

Kama injini ni ya 1KD au 2KD, yenye reli ya shinikizo na kompyuta, usilegeze nati za nozeli hata kidogo, shinikizo lake linapita bar 1,000. Huko anza na mashine ya kusoma hitilafu, na uangalie sensa ya krenki na ya kamu kama soketi zake zimerudishwa.

Kabla ya jaribio la mwisho, piga stata huku waya wa solenoidi umechomolewa mpaka taa ya oili izime. Weka ubao bapa karibu na mdomo wa hewa: injini iliyojazwa oili kupita alama inaweza kuinyonya na kukimbia bila dizeli, na ubao ndio utakaoizima. Mkono hapana. Rudisha waya, washa hita sekunde 20, piga. Itaanza na silinda moja, kishindo kimoja katika mizunguko kadhaa, halafu ya pili. Usiachie swichi kwa furaha kishindo cha kwanza kinaposikika, endelea kupiga mpaka injini ijivute yenyewe. Moshi mweupe wa dakika mbili tatu na mtetemo ni kawaida, upepo wa mwisho unatoka. Ikibaki inatembea kwa silinda tatu, legeza nati moja moja ikiwa inanguruma taratibu: ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo isiyofanya kazi. Ikaze, ifute kavu pamoja na nyingine zote, na baada ya dakika 10 pitisha karatasi nyeupe chini ya kila nati uone kama inavuja.